Bonde Limeandikwa Sana, Sasa Tulisome Wenyewe

Kila mwaka Mkula, katika bonde la Kilombero, hupata wageni wa aina ileile. Hushuka kwenye gari lililotapakaa matope mpaka madirishani, kishikwambi mkononi, hubisha hodi kwa adabu na kuuliza: jana usiku wangapi walilala kwenye chandarua? Wengine hufuata mpunga wa skimu ya umwagiliaji, wengine tembo wanaotelemka kutoka milima ya Udzungwa, wengine mbu. Tunawakaribisha, tunawajibu, wanaandika, wanashukuru, wanaondoka. Nimefundisha sekondari huku chini ya mlima kwa miaka mingi, na maswali hayo nimeyajibu hata nimepoteza hesabu. Kuna swali moja ambalo sisi hatukuwahi kuwauliza wao: haya tuliyowaambia, nani atayasoma, na atayasomea wapi?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ng'ambo. Mwaka 1935 A.T. Culwick, ofisa wa serikali ya kikoloni katika eneo hili, pamoja na mkewe G.M. Culwick, walitoa London kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, habari za Wabena wa bondeni. Sura moja ya kitabu hicho ni ya Mtema Towegale Kiwanga, kiongozi wa Wabena hao. Mwaka 1968 Wajerumani wawili, Jätzold na Baum, walichapisha The Kilombero Valley, juu ya ardhi, mito na kilimo chetu. Mwaka 2009 Jamie Monson wa Marekani alitoa Africa's Freedom Railway, kitabu cha reli ya TAZARA na maisha ya watu wanaoishi kandokando yake, wa bonde hili wakiwamo. Hapo sijagusa mamia ya makala za malaria zilizoandikwa tangu Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipofika Ifakara mwaka 1949 na kufungua njia ya maabara ndogo ya Waswisi, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ni maeneo machache ya vijijini Tanzania yaliyoandikwa kama bonde la Kilombero. Lakini katika vitabu hivyo vitatu nilivyovitaja, sijapata kukiona hata kimoja kwenye rafu ya shule wala ofisi ya kijiji huku kwetu.

Sasa mambo yamegeuka, na yamegeuka kupitia kitu ambacho vijana wengi wa Mkula wanacho mfukoni. Ninaandika ushauri huu kwa mwanafunzi, mwalimu, mhudumu wa zahanati, mkulima wa mpunga na kijana anayeandika hadithi usiku, nikiwa na jambo moja moyoni. Maandishi juu yetu yameshasogezwa karibu. Kuyafuata, kuyasoma na kuyajibu ni kazi yetu, na hatujaianza.

Kwanza ujue kilichobadilika, maana ukikijua hutababaika. Zamani makala ya kitaaluma ilifungiwa ndani ya jarida la karatasi, na jarida lilifungiwa ndani ya chuo chenye fedha za kulilipia. Kuanzia miaka ya 2000 baadhi ya wachapishaji waligeuza mpango: msomaji asilipe, gharama ibebwe na mwandishi au mfadhili wake, na makala iwekwe wazi mtandaoni siku ileile inapotoka. Mwaka 2002 tamko la Budapest liliupa utaratibu huo jina na misingi. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita uchapishaji huria. Mwaka huohuo lilianza Malaria Journal, jarida ambalo tangu toleo lake la kwanza liko wazi kwa kila mtu. Kwa kuwa malaria ndiyo iliyoleta watafiti wengi zaidi Ifakara, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya vyandarua vyetu, nyumba zetu na mbu wetu katika miaka ishirini iliyopita inasomeka bure kabisa. Mhudumu wa zahanati anaweza kuisoma akiwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kama daktari wa Basel anavyoisoma ofisini kwake.

Tuje kwenye namna ya kutafuta. Wengi huandika neno moja, wakaletewa matangazo na video, wakakata tamaa. Ingia Google Scholar, ambayo hutafuta maandishi ya kitaaluma tu, uandike jina la mahali pamoja na jambo: Kilombero na mpunga, Udzungwa na nyani, Mang'ula na tembo. Jambo liandike kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha iliyotumika kuandikia. Jina la mahali lijaribu kwa upana tofauti: Mkula ikileta machache, jaribu Mang'ula, kisha Kilombero, kisha Morogoro. Tazama pembeni mwa kila jibu. Ukiona alama ya PDF, hiyo inafunguka. Kwa mambo ya afya tumia PubMed, na ndani yake tafuta zile zenye maandishi kamili ya bure. Zipo pia hazina za vyuo vyetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili huweka mtandaoni tasnifu za wanafunzi wao, nami nawaambia wazi kwamba tasnifu hizi ndizo mgodi ulioachwa. Makala ya jarida hubanwa kurasa kumi. Tasnifu ina kurasa mia na zaidi, ina ramani, ina majina ya vijiji, ina dodoso lenyewe mwishoni. Nimewahi kusoma moja ya mambo ya maji ya kumwagilia nikakuta bei, ugomvi wa zamu na mifereji iliyoziba, mambo ambayo mwenyekiti yeyote wa skimu angeyatambua kwa kusoma mstari mmoja.

Kama makala imefungwa na inadai dola thelathini au arobaini, usilipe. Fanya mojawapo ya mambo mawili. La kwanza, pitia kwa mtu aliye ndani ya taasisi. Upo mpango uitwao Research4Life, unaofanya vyuo, hospitali na taasisi za nchi kama yetu zipate maelfu ya majarida bila malipo au kwa ada ndogo. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani, na ya kilimo, AGORA, mwaka 2003 na FAO. Ifakara ina vyuo vya afya na hospitali kubwa ya rufaa. Muulize mkutubi kama taasisi yake imejiandikisha, na kama haijajiandikisha, mwombe ajaze fomu. La pili, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake mara nyingi imechapishwa karibu na ikisiri, yaani muhtasari wa makala. Andika sentensi tatu: wewe ni nani, unaishi wapi, unaomba makala gani. Mtafiti akiona ombi limetoka kijiji alichokiandika, nadra sana kunyamaza. Wanafunzi wangu wameandika barua kama hizo, wakajibiwa na watu ambao hawakudhani wangewajibu.

Najua utasema: na bando? Ni kweli, bando ndiyo karo ya siku hizi. Lakini tupime kwa haki. Makala nyingi za PDF hazizidi megabaiti mbili au tatu. Video moja fupi ya mtu anayeanguka kwenye tope inakula zaidi ya hapo, na kesho hutaikumbuka. Pakua mara moja, usisomee mtandaoni. Kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu, andika mchana orodha ya unavyovitaka, kisha upakue usiku vyote pamoja. Faili likiingia, libadilishe jina papo hapo, liitwe kwa mwaka na jambo, kwa mfano 2001 vyandarua Kilombero; ukiliacha na zile namba zake ndefu hutalipata tena. Halafu warushie wenzako kwa Bluetooth au kwa programu ya kurushiana, njia zisizokula hata senti ya bando. Darasa lenye simu janja tatu na kadi moja ya kumbukumbu lina maktaba, mradi mtu mmoja apewe kazi ya kuitunza. Mwenye kitochi asiachwe nje: asomewe. Kusoma kwa sauti barazani ni desturi yetu tangu enzi ya gazeti moja lililosomwa na mtaa mzima.

Tunza pia. Tunaoishi bondeni tunajua karatasi inavyoteseka. Mchwa, panya na unyevu wa masika vimenilia vitabu ambavyo sitavipata tena. Simu nayo ina mchwa wake: huibiwa, hutumbukia majini, kioo hupasuka, na fundi anapoiwasha upya kila kitu kimefutika. Kitu unachokithamini kiweke sehemu tatu zilizo mbalimbali, yaani simuni, kwenye kadi iliyo ndani ya sanduku, na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Na vile vichache unavyorudia mara kwa mara vitoe nakala steshenari.

Hilo la nakala nalisisitiza kwa sababu. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado walikusanya tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, kulinganisha anayesoma kwenye karatasi na anayesoma kwenye kioo. Kwa maandishi ya maarifa, karatasi ilishinda, na ilishinda zaidi pale msomaji alipokuwa na haraka. Kwa hadithi hapakuwa na tofauti ya maana. Nimeyaona hayo darasani kabla sijasoma makala hiyo. Mwanafunzi anayejisomea bailojia simuni hupeleka kidole chini upesi kama anayetafuta picha. Mpe kurasa tatu za karatasi na kalamu, atatulia. Kwa hiyo mzazi, riwaya mwache aisome simuni. Mada ya mtihani mpe shilingi za kutolea nakala, au mwambie anakili kwenye daftari kwa mkono wake, na wakati huo simu ikae chumba kingine.

Vitabu vya kiada si kisingizio tena. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vyake vya msingi na sekondari, bila malipo. Walimu wenzangu, tuvipakue kila somo mwanzoni mwa mwaka na kuvigawa kwa kadi, badala ya kuwaacha watoto wakinunua nakala zilizofifia zenye kurasa zilizoruka. Kwa watoto wadogo upo African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Leseni yake inaruhusu kuchapa na kugawa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaweza kupakuliwa nzima kwa programu ya Kiwix na kusomwa bila mtandao, hata siku mnara umezima. Ina mapengo mengi, makala zake nyingine ni mistari minne. Mapengo hayo yanazibwa na watu kama sisi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayejua majina ya samaki wa mto Kilombero kwa Kindamba ana kitu ambacho hakimo humo.

Sasa tusome makala moja pamoja, maana kupata faili na kulielewa ni mambo mawili. Mwaka 2001 jarida The Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya mradi wa KINET, ule uliouza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia mwaka 1997. Aliyekuwa mtu mzima wakati huo anaikumbuka Zuia Mbu. Usianze kuisoma juu kwenda chini kama gazeti, utachoka ukurasa wa pili. Soma ikisiri kwanza, polepole, na kamusi pembeni. Inasema watoto wachanga waliolala kwenye chandarua chenye dawa walikuwa chini ya asilimia 10 mwanzoni, na baada ya miaka mitatu wakazidi asilimia 50. Inasema vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne.

Msomaji mgeni huishia kwenye hiyo 27 na kwenda kuitangaza. Wewe tazama ndani ya mabano: kati ya 3 na 45. Maana yake watafiti wanakiri kwamba kwa hesabu walizonazo faida ya kweli inaweza kuwa ndogo kama asilimia 3 au kubwa kama 45, na 27 ndiyo kadirio lao bora. Kisha angalia neno lililotumika. Wamesema vilihusishwa, hawakusema vilisababisha. Hapo nenda kwenye sehemu ya mbinu, uone walivyofanya: walilinganisha watoto waliofariki na watoto waliokuwa hai, wakaangalia nani alikuwa na chandarua. Mwenye uwezo wa kununua chandarua huenda pia alikuwa na uwezo wa kuwahi hospitali, na waandishi wanalijua hilo. Baada ya mbinu tazama majedwali, tena kwa utulivu, kwa kuwa jedwali halina Kiingereza kirefu cha kukutisha. Mwisho soma mjadala, hasa pale wanapotaja upungufu wa kazi yao. Mtu akifuata njia hiyo kwa makala tano, ya sita ataisoma peke yake. Na kwa kweli kuna uzito wa pekee kusoma hesabu hizo ukijua ni za watoto wa bonde lako, na kwamba baadhi ya walionusurika leo ndio wazazi wanaoleta watoto wao kliniki.

Kiingereza ndicho kizingiti kikubwa, sikifichi. Ila hapa sheria imetusaidia bila sisi kujua. Makala nyingi huria hutoka na leseni ya Creative Commons aina ya BY. Itafute mwishoni au chini ya jina la makala. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kunakili, kugawa na kutafsiri, hata kuuza, bila kuomba ruhusa, mradi amtaje mwandishi, aonyeshe makala ilikotoka, na aseme kwamba ametafsiri. Klabu ya Kiingereza ya sekondari yoyote ya tarafa yetu inaweza kutafsiri ikisiri moja kwa mwezi na kuibandika kwenye ubao wa zahanati au ofisi ya skimu. Watoto watajifunza Kiingereza cha maana, na bibi aliyejibu maswali atasikia majibu yake yalifikia wapi. Kazi hii haihitaji mfadhili. Kwa kilimo, maktaba ya taifa ya kilimo iliyoko Sokoine imeshatangulia kwa kukusanya mtandaoni machapisho ya Kiswahili ya wakulima. Anayelima mpunga wa SARO 5 na hajayapitia, ajaribu kabla ya msimu.

Akili mnemba nayo imeingia, na wanafunzi wanaitumia kuliko tunavyodhani. Mimi siikatazi. Inafaa kukueleza istilahi ngumu, au kukupa tafsiri ya kwanza ambayo wewe utaisahihisha. Usiiombe orodha ya vitabu na makala ukaiamini. Hutunga majina ya vitabu ambavyo havijaandikwa, ikayapa mwaka na mchapishaji kwa uhakika wa kushangaza, na kwa mahali padogo kama Mkula hutunga zaidi kwa sababu haina mengi ya kushika. Kanuni ni fupi: makala ambayo hujaifungua kwa mkono wako usiiweke kwenye marejeleo yako.

Niseme kidogo na wanaoandika hadithi. Siku hizi riwaya za Kiswahili hutoka kwa vipande kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Msomaji anatuma fedha kwa simu, anaingizwa kwenye grupu, analetewa sehemu kila jioni. Ni njia halali, tena inarithi desturi ya riwaya za magazetini. Waandishi wamejiunga pia katika umoja wao, UWARIDI, na kuuza vitabu wenyewe. Ukiandika, omba namba ya ISBN kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, isajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na usimtumie mtu mswada mzima kabla ya makubaliano ya maandishi. Kuchapisha nakala elfu mbili na kuzilaza kwenye unyevu wa Ifakara si lazima tena. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, huuza vitabu vyake nje kupitia African Books Collective, ushirika wa wachapishaji wa Kiafrika unaochapa nakala pale tu inapoagizwa. Na wewe msomaji, tofautisha. Makala huria igawe utakavyo. Riwaya ya mwandishi aliye hai, iliyoskaniwa na kurushwa grupuni bila idhini yake, usiipokee. Shilingi elfu chache unazokwepa ndiyo mboga ya nyumba yake.

Nimeliacha karibu na mwisho lile linaloniuma zaidi, maana limemgusa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Alisoma hapa, akafika chuo, akaajiriwa kufundisha. Alihitaji machapisho ili apande cheo. Akapokea barua pepe yenye sifa nyingi: profesa mpendwa, tumesoma kazi yako bora, tutumie makala, itatoka ndani ya siku kumi. Alituma, akalipa kwa dola alizokopa, na kweli ikatoka baada ya siku kumi bila hata nukta kurekebishwa. Alipoiwasilisha kazini, waliomkagua waliikataa, na mwaka uliofuata tovuti ya jarida ilikuwa haifunguki. Fedha zimekwenda, na data alizozikusanya kwa miezi minane kwenye tope haziwezi kuchapishwa tena kama mpya. Haya ni majarida hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa, na yamemeza jasho la vijana wengi wa Afrika Mashariki.

Kijana wangu, kabla hujatuma popote, uliza mambo haya. Je, kuna mtu unayemheshimu aliyewahi kuchapisha humo? Wahariri wanaotajwa, ukiwaandikia kwenye barua pepe za vyuo vyao, wanakubali kwamba ni wahariri? Jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 2003, au katika AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998? Uhakiki halisi huchukua wiki nyingi na huuma. Anayekuahidi siku kumi anakuuzia nafasi ya kubandika tu. Kama kazi yako ni ya lugha au fasihi ya Kiswahili, yapo majarida ya nyumbani kama Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum la Ujerumani linalosomeka bure.

Hata kwenye majarida halisi, ada ni mzigo. Jarida la Nature lilipotangaza mwishoni mwa 2020 kwamba litafungua mlango wa uchapishaji huria, lilitaja euro 9,500 kwa makala moja, na majarida ya kawaida hudai dola elfu moja hadi elfu kadhaa. Wachapishaji wengi husamehe nchi maskini kwa kufuata orodha ya Benki ya Dunia. Angalia basi: Julai 2020 Tanzania ilipandishwa kutoka kundi la kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini. Tulishangilia, na tulikuwa na haki, lakini kwa mchapishaji anayesamehe kundi la chini pekee, mtafiti wa Ifakara alitoka kwenye msamaha kamili akaingia kwenye punguzo. Kwa hiyo soma ukurasa wa msamaha kabla ya kutuma, omba kwa maandishi mwanzoni, wala usingoje makala ikubaliwe ndipo uanze kulia. Zaidi ya hapo, weka rasimu yako kwenye hifadhi ya wazi kama medRxiv au hazina ya chuo chako. Ni bure na tarehe inabaki kuwa yako. Gates Foundation, mfadhili mkubwa wa tafiti za malaria, tangu Januari 2025 imeacha kulipia ada hizo na inataka rasimu ziwekwe wazi. Hukumu yangu ni kwamba mfumo unaomtoza anayezalisha maarifa Ifakara ili asomwe na anayeishi Ifakara bado haujawa wa haki, hata kama leo tunaufaidi.

Nirudi mlangoni kwako, msomaji wa Mkula. Mtafiti akija, karatasi ya ridhaa anayokusomea ina nakala moja ambayo ni yako. Ina jina la utafiti, namba za simu na kamati ya maadili iliyouruhusu. Wengi tunaifanya ya kuwashia jiko. Iweke pamoja na hati zako za shamba. Mpe mgeni kiti na maji ya kunywa, mjibu yote anayouliza, kisha umwombe aandike kwenye daftari lako barua pepe yake na mwaka anaotarajia kuchapisha. Mwambie unataka ikisiri kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, utumwe kwenye grupu la kijiji. Mwaka huo ukifika, mwandikie.